Askari Naye Ana Kisomo Chake

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa wanakisomo wa Makunduchi, Mkoa wa Kusini Unguja. Tumeyaandika ili na wale ambao hawakuwapo wayasome, au wasomewe.)



Leo hatukuja na somo la mwani wala la mbolea. Leo tumekuja na somo la polisi. Tunajua kuwa neno hilo likitajwa, watu huinama. Mmoja humwambia mwenzake, "Mimi sina kesi." Basi tulieni. Hakuna aliyeitwa hapa kwa kesi. Tunataka kuzungumza jambo moja tu. Askari polisi anafunzwa nini juu ya kumpokea mtu mwenye shida? Na sisi wananchi tutazamie nini tunapofika mbele yake?

Wapo watu waliosema kuwa kusoma ni kazi ya watoto. Nyinyi mmeonyesha kuwa si kweli. Mmeshika kalamu mkiwa na wajukuu. Basi askari naye ni mtu mzima, na askari naye ana kisomo chake. Anafunzwa kwata. Anafunzwa sheria. Anafunzwa kushika silaha na kulinda lindo. Lakini liko somo jengine ambalo halionekani kwenye gwaride. Nalo ni somo la kumsikiliza mtu aliyeumia bila ya kumuumiza mara ya pili.

Somo hilo ndilo tunalolizungumza leo.

ASKARI WAWILI, SARE MOJA

Tuchukue mfano. Huu ni mfano tu. Haumhusu mtu yeyote wala kituo chochote.

Mama mmoja anafika kituo cha polisi wakati wa magharibi. Amemshika mkono mtoto wake wa kike wa miaka 11. Mtoto amedhalilishwa na mtu mzima ambaye anamjua. Mama amejifunika khanga, anatetemeka. Pale kaunta wapo watu wengine wanne. Mmoja amekuja kueleza baiskeli yake iliyoibiwa. Mmoja ni jirani yake.

Askari wa kwanza anasema kwa sauti, "Enhe, mama, una nini?"

Mama anajibu kwa sauti ndogo. Askari anasema, "Sema kwa nguvu, sisikii." Mama anarudia. Watu wote wanageuka. Kisha askari anamtazama mtoto. "Wewe ulikuwa unakwenda wapi saa hizo? Ulivaa nini? Mbona hukupiga kelele?" Mtoto anainama, hasemi tena. Askari anamwambia mama, "Huyu mtoto hasemi. Nendeni nyumbani mkazungumze naye, mrudi kesho."

Je, ndugu zetu, yule mama atarudi kesho?

Hatarudi. Usiku ule ule jirani atakuwa amekwisha kusimulia. Asubuhi watu watakuwa wanajua. Wazee wa pande mbili watakaa, watasema, "Jamani, sisi ni ndugu, tuyamalize." Mtoto ataogeshwa, nguo zitafuliwa. Ushahidi umekwenda na maji. Na yule mtu mbaya yupo, anapita njia ile ile wanayopita watoto wa skuli.

Sasa mtazameni askari wa pili. Mama ni yule yule, mtoto ni yule yule, saa ni ile ile.

Askari anamwona mama anatetemeka. Anasimama. "Shikamoo mama. Karibu. Tupite huku ndani." Hamuulizi kitu mbele ya watu. Anawaingiza katika chumba chenye mlango. Anamwita askari mwenzake mwanamke. Yule bibi askari anavuta kiti, anakaa karibu na mtoto, hakukaa juu yake. Anamuuliza jina lake. Anamuuliza anasoma darasa la ngapi. Halafu anamwambia, "Mwanangu, wewe hukufanya kosa. Sema unavyoweza. Ukichoka tutapumzika." Mtoto ananyamaza kidogo. Kisha anaanza kusema. Askari anaandika maneno kama mtoto alivyoyasema. Usiku ule ule wanakwenda hospitali.

Askari hawa wote wawili wana sare moja. Wote wanaijua sheria. Pengine wote wana huruma majumbani mwao. Tofauti yao ni nini? Mmoja amefunzwa kusikiliza, mwengine hakufunzwa.

Wahenga walisema, maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Maneno mabaya nayo humrudisha mtoto kimya, na huko kwenye kimya hakuna wa kumsaidia.

SOMO HILI LILIANZAJE KWETU

Jeshi la Polisi ni jambo la Muungano tangu mwaka 1964. Ndiyo maana askari wa Makunduchi anaweza kuwa amezaliwa Mara au Tabora, na kijana wa Unguja anaweza kuwa askari Mbeya. Jeshi ni moja.

Mwaka 2006 Bwana Said Mwema aliteuliwa kuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi. Katika miaka yake yalianza maboresho makubwa, na neno "polisi jamii" likaenea. Maana yake ni kwamba polisi na wananchi walinde usalama kwa pamoja. Mwaka 2007 askari wanawake waliunda mtandao wao. Waliona kuwa kina mama na watoto wengi wanaoumizwa hawafiki kituoni, na wanaofika huona haya kusema.

Hapo ndipo yalipopatikana Madawati ya Jinsia na Watoto. Dawati kwa kawaida ni meza. Lakini hapa dawati si meza tu. Ni sehemu maalum ndani ya kituo cha polisi. Pana askari waliofunzwa kuwapokea wanawake, watoto na mtu yeyote aliyefanyiwa ukatili. Madawati hayo yalienea mpaka yakapita 400 katika nchi nzima, Bara na Zanzibar.

Na sisi Zanzibar vitendo hivi tunaviita udhalilishaji. Mwaka 2011 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka huo. Sheria hiyo inasema mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Mwaka huo huo kilifunguliwa kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini.

Jina hilo lina maana nzuri. Zamani mtoto aliyeumizwa alikuwa akizungushwa. Asubuhi yuko polisi, anasimulia. Mchana yuko hospitali, anasimulia tena. Keshokutwa yuko kwa ofisa wa ustawi wa jamii, anasimulia mara ya tatu. Kila akisimulia, jeraha linafunguka. Katika Mkono kwa Mkono, polisi, daktari, ofisa wa ustawi na mshauri nasaha wako mahali pamoja. Mtoto haendi kwao mmoja mmoja, wao ndio wanaomjia. Baadaye vituo hivyo vilifunguliwa katika hospitali nyengine za Unguja na Pemba. Hapa kwetu Makunduchi hospitali yetu nayo ilipata kituo, na kaskazini Hospitali ya Kivunge.

Mwaka 2018 Zanzibar ilitunga upya Sheria ya Adhabu na Sheria ya Mwenendo wa Jinai. Mwaka 2021, chini ya Rais Dk. Hussein Ali Mwinyi, ikaanza mahakama maalum ya kusikiliza kesi za udhalilishaji.

Basi tazameni, ndugu zetu. Sheria ipo. Mahakama ipo. Hospitali ipo. Lakini mlango wa yote hayo ni mmoja. Mlango huo ni yule askari anayesema neno la kwanza. Akifunga yeye, yote ya nyuma yanabaki yamefungwa.

ASKARI ANAFUNZWA NINI HASA

Wengine watasema, "Kusikiliza nako kunafunzwa? Si kila mtu ana masikio?" Masikio tunayo. Lakini daktari naye ana mikono kama sisi, na bado anafunzwa namna ya kushika jeraha. Hebu tutaje mambo sita anayotakiwa kuyajua askari wa kazi hii.

La kwanza ni siri. Habari ya mtu aliyedhalilishwa haisemwi kaunta. Haisemwi mbele ya watu, wala haipelekwi barazani kwenye kahawa.

La pili ni kutomlaumu aliyeumizwa. Swali "Ulivaa nini?" halimkamati mhalifu. Swali hilo linamfunga mdomo mwenye haki.

La tatu ni kuuliza bila ya kumtilia mtoto maneno mdomoni. Askari akisema, "Alikufanya hivi, sivyo?" mtoto huitikia tu kwa hofu. Kesho mahakamani wakili atauliza, "Haya ni maneno ya mtoto au ya askari?" Na kesi itaanguka. Kwa hiyo askari aliyefunzwa husema, "Nieleze kilichotokea," kisha hunyamaza. Mnaona? Hiyo ni huruma, na pia ni kazi nzuri ya upelelezi.

La nne ni haraka. Dawa za kumkinga mtu asipate virusi vya UKIMWI baada ya kubakwa hufaa zikianza kabla ya saa 72 kupita. Saa 72 ni siku tatu. Na zikianza mapema zaidi ndiyo bora zaidi. Askari anayesema "mrudi wiki ijayo" anaweza kumpotezea mtu maisha yake.

La tano ni kujua kuwa watu si namna moja. Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Uchunguzi wa ukatili kwa watoto ulifanywa mwaka 2009 katika nchi yetu, Bara na Zanzibar. Waliulizwa vijana wa miaka 13 mpaka 24. Kwa Zanzibar, wasichana 6 katika kila 100 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Na wavulana je? Wavulana walikuwa 9 katika kila 100. Ndiyo, wavulana walikuwa wengi zaidi. Watu wengi wakisikia udhalilishaji, wanamfikiria msichana peke yake. Mtoto wa kiume akienda kusema, huchekwa. Huambiwa, "Wewe mwanamme, ilikuwaje?" Basi askari afunzwe asicheke. Na sisi wazazi tujifunze hivyo hivyo.

Yuko pia mtoto kiziwi. Yeye anayajua yote yaliyompata, lakini kuyasema hawezi kwa mdomo. Askari asiyejua atamwandika "hawezi kueleza". Askari aliyefunzwa atamtafuta mtu anayejua lugha ya alama.

Na wako bibi zetu wa hapa hapa. Bibi wa Makunduchi akikasirika au akilia, husema Kikae, Kimakunduchi chake cha asili. Askari aliyetoka mbali hafahamu. Atadhani bibi anamtukana, au amechanganyikiwa. Kumbe bibi anaeleza vizuri kabisa, sikio ndilo geni. Askari akifunzwa atasema, "Bibi, subiri nimwite mtu atufasirie." Neno dogo kama hilo linalinda heshima ya mzee, na linalinda ushahidi pia.

La sita ni haki ya mshtakiwa. Msishangae. Mtu aliyeshtakiwa hajahukumiwa. Katiba ya mwaka 1977 inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kwa kudhalilishwa. Askari anayempiga mshtakiwa ili akiri anaiharibu kesi. Na sisi tunaomfukuza mtu kwa mawe kabla ya kusikilizwa tunaiharibu pia. Askari aliyefunzwa utu anautumia utu huo kwa pande zote mbili.

HATA WAKUBWA WA DUNIA WAMEFUNZWA

Msidhani kuwa somo hili ni la nchi maskini. Tuangalie mbali kidogo.

Katika nchi ya Brazil, mji wa São Paulo, mwaka 1985 kilifunguliwa kituo cha polisi cha wanawake. Askari wake walikuwa wanawake, na kazi yao ilikuwa kuwapokea wanawake waliopigwa na kudhalilishwa. Nchi nyengine zikaja kuiga mfano huo.

Uingereza nako kuna habari ya kusikitisha. Aprili 1993, mjini London, kijana mweusi wa miaka 18 aliyeitwa Stephen Lawrence alikuwa akingoja basi usiku. Vijana wa kizungu wakamchoma kisu, akafa. Rafiki yake, Duwayne Brooks, alikuwa pamoja naye, naye akapiga simu kuomba msaada. Polisi walipofika hawakumchukulia kama mtu aliyeumizwa. Walimtilia shaka yeye. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi mkubwa, naye ndiye aliyetazamwa kwa jicho baya, kwa sababu ya rangi yake.

Wazazi wa Stephen hawakukaa kimya. Serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya jaji William Macpherson. Mwaka 1999 tume ilitoa taarifa yake yenye mapendekezo 70. Ilisema kuwa kazi ya polisi iliharibiwa na uzembe, na uongozi dhaifu, na ubaguzi wa rangi uliokuwa ndani ya jeshi lenyewe. Miongoni mwa mapendekezo hayo, tume ilitaka askari wote wafunzwe kuutambua ubaguzi na kuziheshimu mila za watu. Watu wawili walitiwa hatiani kwa mauaji yale mwaka 2012. Hesabuni wenyewe. Kutoka 1993 hadi 2012 ni karibu miaka 19.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kuwa dharau ya askari mbele ya shahidi si jambo la adabu tu. Ni jambo la haki kupatikana au kupotea. Na tunajifunza kuwa askari wa London hawakubadilika kwa kuombwa. Wazazi walidai. Wananchi walidai.

YASIWE BAHATI, YAWE SHARTI

Sasa tuseme wazi tunalolitaka.

Askari wa dawati wanafunzwa. Hilo ni jema, na tunawashukuru. Wako askari wanaofanya kazi hii kwa moyo, usiku na mchana, na malipo yao makubwa ni mtoto kupata haki yake. Lakini askari wa dawati ni wachache. Leo yuko kazini, kesho yuko likizo, keshokutwa amehamishwa. Na ubaya hauna saa. Ubaya huja usiku wa manane, huja siku ya Idi. Usiku huo nani yuko kaunta? Ni askari yeyote wa zamu.

Kwa hiyo somo hili lisiwe la askari wa dawati peke yao. Kila askari anayekaa kaunta apewe somo hili kabla ya kukaa pale. Na asipewe mara moja akasahau. Nyinyi wanakisomo mnajua zaidi kuliko sisi. Mtu akiacha kusoma miaka miwili, herufi humkimbia. Basi na askari ni hivyo hivyo. Arudiwe somo lake kila baada ya muda. Askari mgeni akihamia Makunduchi, aelezwe pia desturi za hapa, namna ya kupiga hodi, namna ya kuzungumza na mwanamke mbele ya mumewe, na nani wa kumwita akikutana na bibi wa Kikae.

Tena mafunzo peke yake hayatoshi. Askari aliyefunzwa akikosa chumba chenye mlango, ataulizia wapi? Akikosa karatasi na usafiri, atafika vipi? Mafunzo na vifaa viende pamoja.

NA SISI TUNA SOMO LETU

Lakini tusiwaelekezee polisi kidole kisha tukajisahau. Kuna ugonjwa wetu wenyewe. Jina lake ni muhali.

Mjomba kafanya ubaya, tunaona muhali. Jirani tuliyekula naye, tunaona muhali. Mwalimu wa mtoto, mtu wa heshima, tunaona muhali. Askari anaandika maelezo, anapeleka jalada, siku ya kesi shahidi haonekani. Amekwenda shamba, au anaumwa kichwa. Hakimu hana la kufanya. Kesi inafutwa. Halafu sisi wenyewe tunakaa barazani tunasema, "Polisi hawafanyi kazi."

Sisi watu wa Makunduchi tuna Mwaka Kogwa. Kila mwaka watu hukutana uwanjani, hupigana kwa mabua ya migomba, wakatoa yaliyo moyoni, kisha mambo yakaisha. Ni desturi nzuri, inaondoa kinyongo. Lakini tutofautishe. Ugomvi wa watu wazima wawili unaweza kwisha uwanjani. Kumdhalilisha mtoto si ugomvi. Mtoto hakugombana na mtu. Hilo ni kosa la jinai, na kosa la jinai halimalizwi kwa sulhu ya wazee, wala kwa fedha, wala kwa kuoza.

UKIFIKWA, FANYA HIVI

Sikilizeni vizuri, na anayeandika aandike.

Kwanza, usimwogeshe aliyedhalilishwa, wala usifue nguo zake. Zihifadhi kama zilivyo, uende nazo.

Pili, nenda haraka. Unaweza kwenda kituo cha polisi, au kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini. Kama mtu anatoka damu au hali yake ni mbaya, mwahishe hospitali kwanza. Uhai mbele.

Tatu, ukifika polisi, usieleze kaunta. Sema hivi: "Naomba kuzungumza faraghani na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto." Kama hayupo, omba askari mwanamke. Ni haki yako kuomba. Si ukorofi.

Nne, omba fomu ya polisi ya matibabu, ile tunayoiita PF3. Fomu hiyo hainunuliwi. Akikuomba mtu fedha kwa fomu hiyo, hiyo ni rushwa. Kwa Zanzibar rushwa hupelekwa kwa Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi, ZAECA.

Tano, kabla ya kutia saini maelezo yako, yasome. Hapa ndipo kisomo chako kinapolipa. Zamani mtu alitia dole gumba katika maneno asiyoyajua. Sasa nyinyi mnasoma. Soma polepole, hata kama askari ana haraka. Likiwepo neno ambalo hukulisema, mwambie alirekebishe. Chukua namba ya kesi, iandike, iweke mahali pazuri. Andika na jina la askari aliyekupokea.

Sita, ukipokewa vibaya, usirudi nyumbani ukanyamaza. Mwone mkuu wa kituo. Usiporidhika, mwone mkuu wa polisi wa wilaya. Iko pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayofanya kazi Bara na Zanzibar. Mtake sheha wako akusindikize. Na kwa habari ya mtoto, iko namba ya simu 116. Kupiga namba hiyo ni bure.

MWISHO

Ndugu zetu, tumesema mengi, lakini neno letu ni moja. Haki ya mtu aliyeumizwa huanzia katika neno la kwanza la askari. Neno hilo hufunzwa, kama herufi zinavyofunzwa. Kwa hiyo tusilingoje kama mvua. Tulitake. Mkuu wa kituo akija katika mkutano wa shehia, mumwulize kwa adabu: "Afande, askari wa zamu ya usiku amepata mafunzo ya kuwapokea watoto waliodhalilishwa?" Akisema ndiyo, mumpongeze. Akisema bado, mumwulize, "Lini?" Na mkutano ujao mumwulize tena.

Na akija mtoto wako kukwambia jambo zito, kumbuka kuwa askari wa kwanza ni wewe. Usimkaripie. Kaa naye, umsikilize mpaka mwisho.

Maswali ya kuzungumza katika darasa lenu:

1. Kwa nini mama wa mfano wetu hakurudi kituoni?
2. Kwa nini kumuuliza mtoto vibaya kunaweza kuiangusha kesi?
3. Saa 72 ni siku ngapi? Kwa nini saa hizo ni muhimu?
4. Tufanye nini katika shehia yetu ili muhali usizuie ushahidi?
5. Andikeni pamoja barua fupi kwa mkuu wa kituo, mkimwomba aje darasani kueleza kazi za dawati.

Elimu haina mwisho, kwa raia wala kwa askari.